Trowell wa Mulago na walimu wa wodini

Anayeingia katika hospitali kuu ya Kakamega, Kisumu au Eldoret mapema asubuhi, kabla ya wageni kuruhusiwa, huenda akakuta kundi la vijana waliovaa makoti meupe wamemzunguka daktari mmoja kando ya kitanda cha mgonjwa. Vijana hao ni wanafunzi wa udaktari. Daktari huyo si lazima awe profesa mwenye ofisi chuoni. Aghalabu ni mwajiriwa wa hospitali tu, mwenye foleni yake ya wagonjwa inayomngoja nje, na bado atakuwa zamu usiku. Hata hivyo ndiye anayemwonyesha kijana namna ya kuweka mkono juu ya tumbo linalouma bila kumtesa mwenye tumbo, jambo ambalo hakuna kitabu kiwezacho kulifundisha.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini watu wa aina hiyo hawakumbukwi. Barabara zetu zina majina ya magavana, machifu na wanasiasa. Mwalimu wa wodini, akishastaafu, huishi katika vinywa vya wale aliowafunza, nao wakiisha, naye amekwisha. Ndiyo sababu leo nataka kumzungumzia mmoja wao, mgeni aliyefanya kazi hiyo kwetu na kwa jirani zetu kwa muda wa miaka thelathini hivi. Jina lake ni Hugh Trowell.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akasomea udaktari katika Hospitali ya St Thomas, London. Mwaka 1929 aliletwa Kenya na Idara ya Utabibu ya serikali ya kikoloni. Alikuja na mkewe Margaret, mchoraji, ambaye nitamrudia baadaye kwa kuwa naye alistahili makala yake mwenyewe. Walikaa Machakos, kisha Nairobi, na huko Trowell akajishughulisha na kuwafunza wasaidizi wa hospitali wa Kiafrika. Baadaye aliwaandikia kitabu wauguzi na wafunga vidonda wa nchi za joto. Tusisahau hali ya wakati huo. Serikali ilitaka Waafrika wa kufunga vidonda, kufua bendeji na kugawa dawa. Kumfundisha Mwafrika awe daktari kamili lilikuwa jambo ambalo walowezi wa Kenya hawakupenda hata kulisikia.

Mwaka 1935 akahamishiwa Uganda. Hapo ndipo maisha yake yalipopata mkondo.

Yafaa msomaji kijana aelewe maana ya Mulago katika siku hizo. Kenya haikuwa na shule yake ya udaktari hadi mwaka 1967. Kijana wa Nyeri, wa Maseno, wa Zanzibar au wa Moshi aliyetaka kuwa daktari alifunga safari hadi Kampala. Alisoma sayansi katika kilima cha Makerere, kisha akavuka bonde la Wandegeya kwenda kilima cha pili, Mulago, kujifunza kando ya vitanda. Nchi zote hizi zilikuwa na mlango mmoja tu wa kuingilia taaluma hiyo, na kwa zaidi ya miaka ishirini Trowell alikuwa mmoja wa waliosimama mlangoni. Alikuwa tabibu wa wodi na papo hapo mwalimu, bila ya kazi moja kuingoja nyingine iishe.

Na katika wodi hizo alikuta watoto waliovimba.

Kila mzazi wa rika langu aliwajua watoto hao: miguu imevimba, uso umejaa kama mwezi, ngozi inabambuka kama rangi ya ukuta wa zamani, nywele zimepauka na kuwa nyekundunyekundu. Mtoto hachezi. Halii kwa nguvu. Chakula akikisogezewa hugeuza uso. Waganda waliuita ugonjwa huo obwosi, wakaunasibisha na mimba mpya ya mama. Sisi Waswahili tulisema mtoto amebemendwa. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliueleza katika maandishi yake ya mwaka 1933, na mwaka 1935 akaupa jina lililotumiwa na Waga wa huko, kwashiorkor, yaani maradhi ya mtoto anayeondolewa ziwani mwenziwe anapokuja. Kiswahili cha vitabuni kinauita unyafuzi. Tazama basi: Waga, Waganda na Waswahili, watu wasiopata kukutana, wote walikwisha kuona kwamba ugonjwa huu hufuata kuachishwa ziwa. Wataalamu ndio waliochelewa.

Trowell alikuwa miongoni mwa waliochelewa. Wakuu wa taaluma mjini London walikuwa wamemkatalia Williams. Walishikilia kwamba ugonjwa wake si mpya, ni pelagra tu, ule ugonjwa wa ngozi uwapatao watu wanaokula mahindi matupu kwa kukosa vitamini fulani. Mwaka 1937 Trowell aliandika katika jarida la madaktari wa watoto kwamba alichokuwa akikiona Uganda ni pelagra. Basi watoto wakatibiwa kama wagonjwa wa pelagra. Wakafa.

Sina nia ya kulipaka jambo hili asali. Nyuma ya kila kosa la namna hiyo kulikuwa na mama aliyembeba mwanawe mgongoni kutoka mbali, akamkabidhi kwa mzungu mwenye koti jeupe, akarudi mikono mitupu. Makosa ya nadharia katika utabibu hayahesabiwi kwa alama za mtihani. Lakini ninachokiangalia hapa ni alichofanya mtu huyu alipoona kwamba dawa haifui dafu. Angeweza kusema, kama walivyosema wengine wengi wa zama zile, kwamba Waafrika huleta watoto wao wakiwa wamechelewa mno. Angeweza kuwalaumu wauguzi. Yeye alirudi kitandani akaanza kuangalia upya, na safari hii hakuangalia peke yake.

Mmoja wa madaktari Waganda waliosomea Makerere ni Eria Muwazi. Aliposhirikiana na Trowell, Mulago ilipata kitu ambacho London haikuwa nacho: tabibu aliyeweza kumwuliza mama, kwa lugha ya nyumbani, mtoto alikula nini jana, nani alimlisha, na aliachishwa ziwa lini. Niliwahi kuketi kando ya jamaa yangu katika hospitali fulani ya humu nchini wakati wa raundi, nikawasikia madaktari wakimjadili kwa Kiingereza juu ya kichwa chake kana kwamba ni meza. Mzee huyo hakuulizwa lolote. Walipoondoka alinigeukia akaniuliza kama amehukumiwa. Tangu siku hiyo naamini kwamba nusu ya utabibu imo katika kuuliza, na ya kuuliza imo katika lugha.

Jibu la akina mama wa Buganda lilihusu ndizi. Ndizi za kupika, viazi vitamu, muhogo: vyakula vya kujaza tumbo vyenye protini kidogo sana. Mtoto aliyetolewa kwenye maziwa ya mama aliingizwa humo moja kwa moja. Mwaka 1945 Trowell na Muwazi walichapisha pamoja, katika jarida la chama cha utabibu wa nchi za joto huko London, makala iliyosema kwamba hii si pelagra bali ni aina ya utapiamlo mbaya uliosimama peke yake. Majina mawili, la Mwingereza na la Mwafrika, yakakaa sambamba. Leo halishangazi. Mwaka 1945 Mwafrika aliyehitimu Makerere hakuitwa daktari kamili kazini. Alikuwa msaidizi wa ofisa wa utabibu, analipwa sehemu ndogo ya mshahara wa Mzungu, hata kama yeye ndiye aliyeamka usiku. Mwalimu ambaye angelitia jina lake pekee juu ya kazi ile asingeulizwa na mtu yeyote.

Halafu alifika Mulago mtaalamu wa kuchunguza maiti, J. N. P. Davies, aliyeonyesha mwaka 1948 kwamba kongosho la watoto hao lilikuwa limenyauka na ini lao limejaa mafuta. Hoja ya pelagra ikazikwa. Mwaka 1954 Trowell, Davies na R. F. A. Dean walitoa kitabu kikubwa juu ya ugonjwa huo, na maziwa makavu yaliyoondolewa mafuta yakawa tiba ya wodini. Watoto wengi walipona waliokuwa wakihesabiwa kuwa wamekwisha.

Naona vyema niongeze neno hapa, maana elimu haikukoma mwaka 1954. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wamehoji kama upungufu wa protini peke yake unatosha kueleza unyafuzi, na mwaka 2013 utafiti uliofanywa kwa mapacha wa Malawi ulionyesha kwamba vijidudu vya matumboni navyo vina mkono wao. Katika mapacha wanaokula sufuria moja, mmoja huvimba na mwenzake asivimbe. Kisa hicho hakijafungwa. Trowell alifungua mlango mmoja, nyuma yake ukaonekana mwingine.

Turudi kwa wanafunzi, kwani hapo pana vita ambavyo vitabu vya afya havivitaji sana. Kwa miaka mingi mhitimu wa Makerere alipewa stashahada iliyofaa Afrika Mashariki tu. Akivuka maji, haikumfaa kitu. Njia pekee ya kulitengua hilo ilikuwa kuonyesha kwamba anayefundishwa Mulago anajua kila anachokijua anayefundishwa London, na kujua huko kupimwe na watahini wasio na upendeleo. Mzigo huo uliwaangukia walimu wa wodini, wale wale waliokuwa na wagonjwa kupita kiasi na vitanda visivyotosha. Mwaka 1957 Baraza la Madaktari la Uingereza likaitambua stashahada ya Makerere. Tangu hapo Mkenya, Mtanganyika na Mganda aliyefuzu Kampala alikuwa daktari popote pale ambapo Mwingereza aliyefuzu London alikuwa daktari. Sisemi kwamba Trowell peke yake alileta ushindi huo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na walioketi katika mitihani walikuwa vijana wetu. Lakini alikuwa amewatayarisha kwa miaka ishirini na miwili.

Mwaka huo huo wa 1957 kulitokea jambo ambalo napenda kulisimulia kwa vijana wanaodhani ukubwa wa daktari ni kujua kila kitu. Katika wodi ya Trowell alilazwa mvulana wa miaka mitano, mataya yake yamevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Trowell hakuuelewa uvimbe huo. Akamwita daktari wa upasuaji aje autazame. Aliyeitwa alikuwa Denis Burkitt, Mwairelandi aliyekuwa akifanya kazi na kufundisha hapo hapo. Burkitt naye hakuelewa. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akamwona mtoto wa pili mwenye mataya yale yale. Kutokana na watoto hao wawili akafuata nyayo hadi akaugundua ugonjwa wa saratani ambao leo dunia nzima inauita kwa jina lake, na ambao umewapata watoto wa kandokando ya Ziwa Victoria na wa pwani yetu pia. Mwaka 1964 ndani ya saratani hiyo kulionekana virusi, vya kwanza kabisa kuhusishwa na saratani ya binadamu. Sifa zilimwendea Burkitt, na ni haki yake. Ila mnyororo wote huo ulianza na tabibu mkongwe, mwenye vitabu vyake, aliyesimama mbele ya mtoto akamwita mwenzake amsaidie.

Niliahidi kumrudia Margaret. Alianza kuwafundisha Waafrika kuchora mwaka 1937 katika baraza ya nyumba yao hapo Kampala, na kutokana na baraza hiyo ikazaliwa shule ya sanaa ya Makerere. Elimo Njau, aliyechora michoro ya maisha ya Yesu katika kanisa la ukumbusho la Murang'a, na aliyeshiriki kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alipitia mikononi mwake. Nyumba hiyo moja basi ilitufundishia waganga na wachoraji. Sijui nyumba nyingine ya aina hiyo katika historia yetu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Trowell aliondoka Uganda. Alikuwa amekwisha kuhariri, pamoja na Derrick Jelliffe, kitabu cha maradhi ya watoto wa nchi za joto, na alikuwa ameandika juu ya seli mundu, ugonjwa ambao kabla ya hapo ulidhaniwa kuwa wa nadra Afrika. Huko kwao akasoma ukasisi, akawa mchungaji wa Kanisa la Anglikana katika kijiji karibu na Salisbury. Watu wakadhani mambo yake yamekwisha.

La hasha. Mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya maradhi yasiyoambukiza katika Afrika. Humo alikusanya kumbukumbu za miaka thelathini ya kupita kando ya vitanda, pamoja na jambo ambalo mpita njia asingeliona: orodha ya maradhi ambayo hakuyaona. Ugonjwa wa mishipa ya moyo, ambao uliwaua Waingereza kwa maelfu, aliukuta kwa Mwafrika mara moja tu, akauandika katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki mwaka 1956 kama ajabu. Mawe ya nyongo, kisukari cha wanene, yote hayo yalikuwa haba. Swali likamkaa rohoni: kwa nini?

Akiwa amestaafu na ukasisi, aliungana tena na Burkitt, naye akiwa amerudi Uingereza. Wakatoa jibu ambalo liliwachekesha wengi mwanzoni. Waafrika wa vijijini walikula nafaka isiyokobolewa, kunde, mboga na mizizi. Waingereza walikula unga mweupe na sukari. Kilichotupwa kinuni na mashineni, zile nyuzinyuzi zilizodharauliwa kama makapi, ndicho kilichokuwa kinga. Mwaka 1972 Trowell alitoa maelezo rasmi ya maana ya nyuzinyuzi za chakula, ambayo wataalamu waliyajengea kazi yao. Vitabu viwili alivyohariri na Burkitt, cha mwaka 1975 na cha 1981, vilisafiri ulimwenguni kote. Kwa hivyo Mwingereza anayenunua leo mkate wa ngano isiyokobolewa kwa bei ghali anafuata, bila kujua, sahani ya mkulima wa Buganda. Wapo waliosema kwamba wawili hao waliipa nyuzinyuzi uzito kupita kiasi, wakasahau tumbaku, kazi za mikono na umaskini. Huenda. Hoja yao ya msingi, kwamba maradhi haya huja na namna ya kuishi, haikupinduliwa. Trowell alifariki mwaka 1989.

Sasa niseme la kwangu. Tangu miaka ya 1990, Eldoret ilipopata wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari, mafunzo haya yametoka Nairobi yakaenea, na hospitali ambazo zamani zilikuwa za mkoa sasa ni madarasa. Ni jambo jema. Lakini nadhani tumeongeza wanafunzi kwa kasi kuliko tulivyowafikiria wanaowafundisha. Daktari wa wodini akifundisha, anaazima saa kutoka kwa foleni ya wagonjwa au kutoka kwa usingizi wake. Wakati wa mgomo wa madaktari wa siku 100 mwaka 2017, na ule wa siku 56 mwaka 2024, tulizungumza sana juu ya mishahara na juu ya wanagenzi kupewa nafasi, na ilikuwa haki kuzungumza. Sikumbuki aliyeuliza ni nani aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi wa mwaka wa tano wodi zilipokuwa tupu. Ningependa saa za kufundisha ziandikwe katika mkataba wa daktari wa hospitali kama zinavyoandikwa saa za upasuaji, zilipwe, na zihesabiwe anapotafuta kupandishwa cheo. Kumwachia mtu kazi kubwa kiasi hicho aifanye kwa hisani ni kuitegemea bahati, nayo bahati haina mkataba.

Mwaka ule ule Trowell alipotia guu Kenya, 1929, daktari wa serikali aliyefanya kazi Kisii, jina lake Donnison, alichapisha vipimo vya shinikizo la damu la wanaume 1,000 wa huko. Shinikizo lao halikupanda na umri, kama lilivyopanda kwa Wazungu, na katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa kwake hakukuta hata mmoja mwenye ugonjwa huo. Trowell aliirejea kazi hiyo maisha yake yote. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana shinikizo la juu, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamepimwa hata siku moja. Hospitali ya Kisii sasa ni hospitali ya kufundishia. Asubuhi wanafunzi hujifunza pale kuufunga mkanda wa kipimo kwenye mkono wa mgonjwa, wakasikiliza, wakaandika namba, na daktari aliyesimama nyuma yao akawaambia warudie.